Mwalimu Asiye na Jalada

Yanapotajwa mambo ya utamaduni wa taifa, aghalabu hutajwa ngoma, mavazi, michezo ya jadi, lugha na mashairi. Si vibaya, sisi wenyewe tumeteketeza mafuta mengi ya taa kwa kutafuta vina, wala hatuna nia ya kuyapunguzia mashairi heshima yake. Lakini namna jamii inavyowatazama watu wanaoifanyia kazi, majina inayowaita, malipo inayowapa na yale inayowanyima, nayo ni sehemu ya utamaduni huo. Katika makala haya twapenda kumzungumzia mtumishi mmoja ambaye wengi wetu tumepita mikononi mwake, na ambaye wewe, ndugu msomaji, ukiwa mwalimu au mwanafunzi, huenda unaye shuleni kwako leo hii. Huyo ni mwalimu wa muda. Awapo mbele ya ubao ni mwalimu kamili. Akigeuka kwenda ofisini, hana jalada.

Tumeishi sehemu kubwa ya umri wetu kati ya Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, na tangu mwaka 1991 tumefanya kazi katika masijala ya idara moja ya serikali. Kwa msomaji ambaye hajapata kuingia humo, masijala ni chumba cha kutunzia majalada, nacho kina desturi zake. Mtumishi huzaliwa siku jalada lake linapofunguliwa. Barua ya ajira ndiyo ukurasa wa kwanza. Hufuata barua ya kuthibitishwa kazini, likizo, uhamisho, kupandishwa cheo, onyo kama lipo, na mwisho barua ya kustaafu, jambo ambalo humfikia kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na miaka 60. Mtu mzima hulala humo katika karatasi zilizotobolewa pembeni na kufungwa kwa uzi. Wenzetu hututania kwamba kazi yetu ni ya vumbi. Ni kweli, lakini mtunza majalada ndiye anayejua, kuliko wengine wote ofisini, ni nani wasiokuwamo.

Korogwe ni nchi ya mkonge. Zao hili liliingizwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na katika miche ipatayo elfu moja iliyotoka Florida, Marekani, iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalienea mashamba ya Ngombezi, Magunga, Mazinde na mengine mengi, hata katika miaka ya 1960 nchi yetu ikawa inaongoza duniani kwa zao hilo. Wafanyakazi walioletwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali waliitwa manamba, kwa kuwa walijulikana kwa namba. Kila mmoja alikuwa na kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku aliyoimaliza ngwe yake ilitiwa alama. Asipoimaliza, jasho lake la siku ile lilipotea. Kipande kikijaa ndipo alipolipwa. Wazee waliotusimulia habari hizo walikuwa wakionyesha kwa kidole juu ya kiganja mahali alama zilipokuwa zikitiwa, kana kwamba kadi bado wameishika.

Hata neno kibarua asili yake ni barua ndogo, kile cheti alichopewa mtu wa kutwa ili alipwe. Lugha yetu ilikwisha kutambua zamani kwamba watu kazini hutofautiana kwa ukubwa wa barua walizonazo. Siku hizi mtumishi wa serikali hutambulikana kwa cheki namba, na bila hiyo mshahara hautoki. Basi, manamba alikuwa na namba, na jina lake halikuulizwa. Mwalimu wa muda ana jina, tena jina kubwa, lakini namba hana.

Tunasema jina kubwa kwa kuwa katika nchi hii halipo kubwa kulipita. Rais wetu wa kwanza aliitwa Mwalimu mpaka alipofariki mwaka 1999, na hata leo ukisema Mwalimu peke yake, mtoto wa darasa la nne anajua wamtaja nani. Katika vijiji vya Uzigua mtu akifundisha mwaka mmoja tu huitwa mwalimu mpaka kaburini, na mkewe huitwa mama mwalimu. Heshima hii haitolewi kwa barua. Hutolewa na watu. Twaisifu. Hata hivyo tumeona mara nyingi kwamba watu wanaochelewa kumlipa mtu ndio wanaolitamka jina hilo kwa utamu zaidi.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma iliazimia kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, ambayo ilikuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Azimio lilikuwa la haki, ila walimu hawakuwapo. Vyuo vya ualimu, kile cha Korogwe kikiwa kimojawapo, visingeweza kuwatoa maelfu waliohitajika kwa muda ule. Ndipo tangu mwaka 1976 wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapewa darasa la watoto wadogo kwa saa chache za siku, na saa zilizobaki wakafunzwa ualimu papo hapo kijijini kwa vitabu vya kujifunzia, kwa redio, na kwa wakufunzi waliowazungukia. Mafunzo yalikuwa ya miaka mitatu, kisha wakapelekwa chuoni kwa majuma machache na kufanya mtihani. Waliofaulu wakawa walimu wa daraja la C. Idadi yao nchini ilizidi 35,000.

Mmoja wa vijana hao alitufundisha sisi darasa la kwanza mwaka 1978, katika kijiji kilicho kando ya barabara itokayo Korogwe kwenda Handeni. Barabara hiyo, yenye kilomita zipatazo 65, sasa ina lami. Siku zile vumbi lake lilitia rangi moja watu, mbuzi na majani. Mwalimu wetu alikuwa na umri wa miaka kumi na minane au kumi na tisa. Alivaa makatambuga na suruali moja ya kaki ambayo aliifua Jumamosi. Darasa lilikuwa chini ya mwembe, na ubao uliegemezwa kwenye shina. Tulikuwa wengi sana, naye alitujua wote kwa majina ya baba zetu. Jioni tukipita nyumbani kwao tulimwona ameketi karibu na redio ya jirani, daftari gotini, akijifunza hesabu ambazo yamkini wiki ile ile angetufundisha sisi. Hatukuliona hilo kuwa kasoro. Tulidhani walimu wote husoma jioni.

Watu wa utani walizichukua zile herufi tatu za UPE, ambazo ndizo zilizokuwa jina la mpango huo, wakazifumbua kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Mzaha huo ulivuma sana, na hata leo hutamkwa na watu waliofundishwa kusoma na walimu hao hao. Hatusemi kwamba mafunzo yale yalitosha. Tuliumia baadaye katika hesabu, tena tuliumia hasa. Lakini mtu anayecheka ngazi aliyopandia ni vyema kwanza aangalie amesimama wapi.

Mwalimu wetu hakufaulu mtihani wa mwisho. Alitueleza mwenyewe miaka mingi baadaye, bila aibu, kwamba alianguka katika somo lile lile la hesabu. Basi hakupata cheti wala barua. Wengine katika hali yake walirudia jembe. Yeye alirudia jembe asubuhi, na alasiri akaendelea na madarasa ya watu wazima, akifundisha kama mwalimu wa kujitolea.

Vijana wa leo huenda hawajui uzito wa kazi ile. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wakati ambapo karibu watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia mwaka 1986 wasiojua walikadiriwa kuwa asilimia 9.6. Tarakimu hizo husomwa katika hotuba kwa dakika moja. Kazi yenyewe ilifanywa na mabibi waliotoka shambani na watoto migongoni, wakaketi kwenye madawati ya watoto ambayo magoti hayakuingia, wakashika chaki kwa vidole vilivyozoea mchi. Na mbele yao alisimama mtu kama mwalimu wetu, mwenye posho ya shilingi 30 kwa mwezi, ile miezi ambayo posho ilifika. Sisi tulipokuwa darasa la tano tulitumwa mara kadhaa kumpelekea taa. Mama yetu alikuwa akisoma pale.

Tumalize hapo habari za mwalimu wetu kwa sasa, kwa kuwa tutarudi kwake, tuseme habari zetu wenyewe.

Tulimaliza kidato cha nne mwaka 1988, na matokeo yetu hayakutosha kuendelea. Mwaka uliofuata tulichukuliwa kufundisha Kiswahili na Siasa katika shule moja ya sekondari iliyoendeshwa kwa ada za wazazi. Shule za namna hiyo zilikuwa zikichipuka kila mahali, kwa kuwa nafasi katika sekondari za serikali zilikuwa haba mno. Tulikuwa na miaka kumi na tisa; baadhi ya wanafunzi walikuwa na kumi na minane. Hatukupewa barua. Mwalimu mkuu alitushika mkono, akasema, "Karibu, mwalimu," na mkono huo ndio uliokuwa mkataba.

Tulilipwa kwa vipindi tulivyofundisha. Likizo haikuwa na malipo, wala sikukuu, wala juma tulilolala kwa malaria. Kusahihisha madaftari hakukuhesabiwa. Wazazi wakichelewa kuleta ada kwa sababu mvua imekosekana, na Handeni mvua hukosekana mara nyingi, tulipewa debe la mahindi na kuambiwa tuvumilie. Mikutano ya walimu ilipofanyika sisi wa muda tuliketi nje chini ya mwarobaini, kwa kuwa mambo yaliyojadiliwa ndani, kama ilivyosemwa, yalikuwa ya wenye shule. Mwanafunzi mmoja alituuliza mbona tunakaa nje. Tulimjibu kwamba ndani kuna joto.

Hata hivyo hatudanganyi tukisema kwamba hatujapata tena furaha ya kazi kama ile. Tulikuwa tukifundisha vina na mizani kwa kupiga makofi, darasa zima, mpaka mwalimu wa jirani alilalamika. Kijana mmoja, mtoto wa mkata mkonge, alitunga beti nne kuhusu korona, yaani ile mashine inayochakata majani ya mkonge, na mizani yake haikupungua hata mmoja. Tulizisoma mbele ya darasa tukijifanya watulivu. Usiku hatukulala.

Kisha, katikati ya mwaka 1991, ilitufikia barua ya ajira serikalini. Ilikuwa barua kamili, yenye nembo na kumbukumbu namba. Ilitutaka turipoti kwa siku saba. Kidato cha pili walikuwa wamebakiwa na miezi michache kufanya mtihani wao wa taifa. Hatukuwaaga. Tulimwambia mwalimu mkuu jioni, na asubuhi tukapanda lori. Kwa kuwa hakuna barua iliyotufunga, hakuna sheria tuliyoivunja. Na hapo ndipo walioumia hawakuwa sisi. Watu wakizungumzia kazi ya muda huona mwalimu anavyoweza kuachwa wakati wowote. Yafaa waone pia kwamba naye aweza kuondoka wakati wowote, na wanaobaki na kitabu kilichofunguliwa nusu ni wanafunzi. Yule mtunzi wa korona hatukumwona tena.

Tangu siku hiyo tumewatazama walimu wa muda tukiwa upande wa pili wa meza. Shule za sekondari za kata zilipojengwa kwa wingi tangu mwaka 2006, historia ya Musoma ilijirudia kwa sura nyingine: majengo yalitangulia, walimu wakachelewa. Vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo ya mwezi mmoja hivi na leseni, wakapelekwa madarasani. Wananchi, ambao hawakosi jina, wakawaita "Vodafasta", kwa mfano wa huduma ya simu iliyokuwa ikituma salio la muda wa maongezi mara moja. Tulicheka kama wengine. Baadaye tukakumbuka "Ualimu Pasipo Elimu", kicheko kikatukauka. Wengi wa vijana hao walijiendeleza na sasa wana shahada. Wengine walipotea njiani, na majalada yao tunayo, membamba, yenye kurasa tatu au nne.

Lakini wale angalau walikuwa na majalada. Siku hizi hali ni tofauti, tena ya ajabu. Zamani walimu walikosekana. Sasa walimu wamesomeshwa, wamehitimu, wana vyeti vilivyowekewa vioo, na bado hawana kazi, ilhali madarasa hayana walimu. Katika shule moja ya kata upande wa Handeni tunamfahamu mama mmoja wa miaka thelathini na kitu, mwenye stashahada ya ualimu wa sayansi. Amekuwa akifundisha kemia kwa kujitolea kwa karibu miaka kumi. Alianza akiamini kwamba ni mwaka mmoja, na kwamba atakayeonekana amejitolea atafikiriwa kwanza. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, sisi wazazi tulipumua, na tulikuwa na haki ya kupumua. Lakini katika shule ile michango iliyokuwa ikimlipa ilikauka pia. Sasa hulipwa kidogo na wazazi wachache wanaotaka, kwa fedha au kwa mazao. Zamani aliyehitimu alipangiwa kituo. Sasa hukabiliana na usaili. Mwaka 2025 alikwenda kwenye usaili huo, akaulizwa maswali ya somo ambalo hulifundisha kila siku, akarudi, akasubiri. Jumatatu alikuwa darasani.

Katika shule hiyo hiyo yupo mzee aliyestaafu utumishi, naye hufundisha hisabati bila malipo yoyote. Anapendeza kumtazama. Ana fimbo, ana miwani, ana chai yake ya chupa, na vijana humpenda. Husema kwamba kufundisha kunamwondolea maumivu ya mgongo. Watu wa kijijini humsifu, kisha humgeukia yule mama na kumuuliza kwa nini yeye ananung'unika wakati mzee hanung'uniki. Hapa ndipo tunapotofautiana na wanakijiji wenzetu. Mzee ana pensheni. Kila mwisho wa mwezi jalada lake, lililo katika kabati la tatu la masijala yetu, humlipa kwa miaka aliyokwisha kuifanya. Kujitolea kwake ni zawadi, kwa kuwa ana cha kutolea. Mama hana pensheni itakayokuja, wala bima, wala mwaka hata mmoja uliohesabiwa. Kazi ni moja na ubao ni mmoja. Ila mmoja anatoa alichobakiza, na mwenzake anatoa ambacho hajapata. Kijana wa miaka ishirini na mbili, aliyeingia shuleni hapo mwaka jana, hutembea na wote wawili na bado hajajua anafanana na nani.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya shule za vijijini peke yake. Tulikutana na kijana mmoja mwenye shahada ya uzamili pale Segera, njia panda ya mabasi ya Tanga, Dar es Salaam na Moshi. Alikuwa ameweka rundo la karatasi za mtihani juu ya begi, anasahihisha kwenye benchi la mama muuza chai. Alitueleza kwamba yeye ni mhadhiri wa muda katika vyuo viwili vya mikoa miwili, na hulipwa kwa saa za mihadhara. Saa za basi hazimo. Saa za kusahihisha hazimo. Wanafunzi wake humwita Profesa, akatabasamu alipolisema hilo. Tukamwonyesha mahali tulipokuwa tukishukia kwenye lori mwaka 1989 na madaftari yetu kwenye mfuko wa nailoni. Alicheka, kisha aliuliza ilituchukua muda gani kupata kazi ya kudumu. Tulisema miaka miwili na nusu. Hakucheka tena, yeye alikuwa katika mwaka wa saba.

Sasa turudi kwa mwalimu wetu wa darasa la kwanza, kwa kuwa hasa tumeyaandika haya yote kwa ajili yake.

Mwaka 2005 aliingia masijala. Tulisimama, tukamwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaketi na kutoa kitu kilichofungwa katika karatasi ya nailoni na kamba ya mkonge. Tulidhani amekuja kudai miaka yake. Walikuwa wakija wengi wa namna hiyo, na jibu tulikuwa nalo tayari: mzee, bila barua ya ajira hakuna jalada, na bila jalada hakuna madai. Tulianza kulisema. Akatuacha tumalize. Kisha akasema, "Hayo nayajua, mwanangu. Sikuja kudai. Nimekuja mnitunzie hili, nyumbani mchwa wanalila."

Lilikuwa daftari la mahudhurio la darasa lake la watu wazima, lililoanza mwaka 1979. Majina yalikuwa zaidi ya arobaini. Katika kurasa za mwanzo mbele ya kila jina palikuwa na alama ya dole gumba. Katika kurasa za mwisho, nyingi ya alama hizo zilikuwa zimegeuka saini. Tulifungua kurasa mbele na nyuma, tukaliona dole gumba la mama yetu, kisha jina lake ameliandika mwenyewe, herufi ya mwisho ikiwa imetoka nje ya mstari.

Tatizo lilikuwa moja. Kitu kikiingia masijala lazima kiwe na jalada, na jalada lazima liwe la mtu au la shughuli inayotambulika. Mwalimu hakuwa mtumishi. Darasa lake halikuwa na namba. Baada ya kufikiri tulifungua jalada jipya, tukaliandika "Mengineyo", tukalitia humo. Alilitazama jina hilo. Hakusema kitu. Alishukuru, akaenda zake.

Kwa taratibu zetu majalada yaliyopitwa na wakati huchambuliwa. Yenye thamani hupelekwa kwenye Nyaraka za Taifa, na yasiyo na thamani huteketezwa. Ni utaratibu mzuri. Bila huo tungezikwa kwa karatasi. Mwaka 2011 uchambuzi ulifanyika tukiwa likizo. Tuliporudi, rafu ya "Mengineyo" ilikuwa tupu na nyuma ya jengo palikuwa na majivu. Aliyefanya hakukosea kwa kanuni. Jalada halikuwa na mwenyewe, halikuwa na mawasiliano, lilikuwa na daftari kuukuu. Aliyeliita "Mengineyo" ni sisi. Tungeliita kwa jina la kijiji, au kwa jina la mwalimu, yamkini lingekuwapo hadi leo.

Mwalimu yu hai. Tukikutana naye sokoni Manundu hutuuliza, baada ya habari za nyumbani na za shamba, "Lile lipo?" Nasi kwa miaka hii yote tumemjibu, "Lipo, mwalimu." Tumejaribu kulitungia shairi, tukashindwa. Makala haya yatamfikia, kwa kuwa mjukuu wake yuko sekondari na vitabu vya namna hii huletwa shuleni. Atasoma mwenyewe, hahitaji kusomewa. Basi ajue hapa kwamba halipo, na kwamba tulimdanganya.

Tulichobaki nacho ni kile tulichokisoma asubuhi ile ya mwaka 2005, dakika zipatazo ishirini. Mwalimu alikuwa ametenga safu ya mwisho kwa ajili ya sababu za kutohudhuria, akaijaza kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Tunazikumbuka chache. "Analinda mahindi, nguruwe." "Amejifungua, mtoto wa kiume." "Msiba Kideleko." "Mume amekataza." Chini yake, wiki mbili baadaye, mbele ya jina lile lile: "Mume amekuja naye." Na mbele ya jina la mama yetu, siku ambayo sisi tulikuwa tumelala na homa naye akaja darasani giza limekwisha kuingia: "Amechelewa. Amesoma."